Kustaafu ukiwa mwanamke peke yako: mwongozo kamili wa kutafuta mahali pa bei nafuu, Nakuru, Kisumu mpaka Kakamega

Siku yangu ya mwisho kazini walinipa leso mbili, flaski na keki, na kila aliyekuja kuchukua kipande cha keki aliniuliza kitu kimoja, sasa mama unaenda wapi? Nikawa najibu nyumbani. Si ndio jibu la kila mtu? Lakini ukweli nyumbani kwenyewe hakukuwa. Sikuolewa, baba na mama walishaenda, boma la Vihiga liko na kaka yangu na mke wake na pale mimi ni mgeni wa Krismasi, nachinjiwa kuku halafu nasindikizwa steji. Nairobi nayo, kodi niliyokuwa nalipa Umoja ingekula nusu ya pensheni kabla sijanunua hata sukari. Basi nikazunguka karibu mwaka mmoja na nusu, nikapanga Nakuru, nikapanga Kisumu, na saa hii niko pembeni ya Kakamega town. Naandika hii manake wadada wengi wananipigia, wajane, walioachana, na sisi ambao hatukuolewa, na kwa simu naongea mpaka bando inaisha.

Kabla ya hatua yoyote niwaambie kilichonifanya nitafute vile nilitafuta. Mama mmoja tuliyefanya kazi pamoja alistaafu mbele yangu, akajenga nyumba nzuri sana kwa ploti yake nje ya mji, ukuta, geti ya chuma, mbwa wawili. Akaanguka bafuni Jumamosi. Aliyempata ni kijana wa kuleta maji, Jumatatu. Alipona, lakini mimi tangu hiyo siku kila nyumba nikionyeshwa swali langu la kwanza halikuwa kodi ni ngapi, lilikuwa nisipotoka nje kesho asubuhi nani atagonga huu mlango? Kama sina jina la mtu, naondoka.

HATUA YA KWANZA: jua pesa yako ya mwezi, si ile ya mkupuo

Kiinua mgongo kinadanganya. Ukiona ile pesa imeingia mara moja unaanza kuona maghorofa. Iweke kando, jifanye haipo, halafu chukua karatasi uandike kitu kinachoingia kila mwezi tu: pensheni, kodi kama una nyumba umepangisha, gawio la sako ugawanye kwa 12. Pesa ambayo mtoto ameahidi kutuma usiiandike. Si ati hatatuma, lakini ana maisha yake.

Halafu toa matumizi. Watu hukumbuka kodi, unga na stima. Wanasahau dawa ya presha ya kila mwezi, wanasahau nauli ya kliniki, na kuna hii moja ambayo ukirudi magharibi itakumaliza ukicheza, matanga. Wewe ni mwanamke peke yako, hakuna school fees wanaona unalipa, kwa hivyo kila harambee jina lako liko juu ya karatasi. Mimi niliamua kiwango changu cha mwezi, kikiisha kimeisha, hata aliyekufa awe nani nitaenda kuosha vyombo na kupika lakini pesa hapana. Mara ya kwanza walinuna. Mara ya tatu wakazoea.

Kodi usiiache ipite robo ya kile kinachoingia, ukizidi sana theluthi. Na weka pembeni pesa ya miezi sita kabla hujaacha kazi, kwa sababu pensheni ya kwanza huweza kuchukua muda mrefu kutoka na landilodi hajui habari za makaratasi yako.

Matibabu: tangu Oktoba 2024 bima ya afya ya serikali, NHIF, iliondoka ikaja SHA. Ukiwa na mshahara walikuwa wanakukata asilimia 2.75, sasa ukiwa huna mshahara unajibu maswali ya kupimwa uwezo wa nyumba yako ndio mchango upangwe, na chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Kujisajili unaweza kwa simu, *147#, au uende Huduma Centre, Nakuru, Kisumu na Kakamega zote ziko nazo. Usingoje uwe mgonjwa ndio ukimbizane na hiyo kitu. Na zile pesa za serikali za wazee, Inua Jamii, ni 2,000 kwa mwezi na zinaanza ukifika miaka 70, kwa hivyo wa 60 tusizipigie hesabu.

HATUA YA PILI: chagua mji kwa mwili wako, si kwa picha

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndipo nilikosea.

Nakuru ndiyo nilianza nayo. Iko kama kilomita 160 kutoka Nairobi, marafiki wanaweza kukutembelea na kurudi siku hiyo hiyo, na iko juu, karibu mita 1,850, malaria si shida ya kila siku kama kwetu. Chakula ni rahisi sana, viazi na kabeji zinatoka Molo, Njoro na Bahati hapo karibu. Na kitu nilipenda kuliko vyote, Nakuru ni mji wa watu kutoka kila mahali, hakuna anayekuuliza wewe ni bibi ya nani au kwenu ni wapi, unaitwa shosho na mambo yanaisha. Kwa mwanamke peke yake hiyo ni raha ambayo huwezi kueleza mtu aliyeolewa. Nilipanga Kiamunyi. Wengine wanapenda Lanet, Naka au Section 58, ukitaka kelele na kila kitu karibu kuna Free Area.

Lakini maji. Sikiza hii vizuri kwa sababu agenti hatakuambia. Maji ya visima vya Nakuru na sehemu nyingi za Bonde la Ufa yana floraidi nyingi, ndiyo unaona watu waliozaliwa huko meno yana rangi ya kahawia. Meno yetu sisi wazee yalishamaliza kukua, hayo hayataharibika, shida ni mifupa, ukinywa miaka mingi inakakamaa na kuuma, na sisi mifupa tayari inalalamika. Kiwango kinachokubalika na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Na kuchemsha hakusaidii hata kidogo, unapunguza maji unaacha floraidi pale pale, inakuwa hata kali zaidi. Kwa hivyo uliza maji ya ploti yanatoka wapi, mfereji wa kampuni au kisima? Kama ni kisima, ya kunywa na kupikia kinga ya mvua kwenye tangi, au tafuta chujio cha mkaa wa mifupa, huko Nakuru zinatengenezwa.

Ingine ni ardhi. Ziwa Nakuru limepanda sana miaka hii, kuna watu wa Mwariki walihama nyumba zao maji yakiingia, na upande wa magharibi wa mji, kule kwa Rhonda na Kaptembwo, mvua ikinyesha sana ardhi hupasuka manake udongo ni jivu la volkano na chini kuna nyufa. Kupanga sio shida sana, unahama. Kununua ndio uwe macho.

Nikatoka Nakuru kwa sababu mbili. Julai baridi iliingia kwenye magoti nikawa nashuka ngazi kwa makalio kama mtoto. Na nilikuwa mbali na dada yangu, nauli ya kwenda na kurudi kila kukiwa na shida nyumbani ikawa inakula pesa ya nyama.

Kisumu sasa. Mita 1,131 tu juu ya bahari, joto la mchana linafika 30, magoti yalinyamaza wiki ya kwanza. Mji uko tambarare, tuktuk kila mahali, kwa mtu wa miguu mibovu tuktuk ni baraka kuliko bodaboda, unaingia tu unakaa na kiondo chako. Hospitali ziko, kuna ile kubwa ya Jaramogi Oginga Odinga ambayo watu bado wanaita Russia kwa sababu ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti, kuna Aga Khan, kuna uwanja wa ndege kama una mtoto ughaibuni. Kibuye siku ya Jumapili utapata kila kitu, omena, ngege, nguo, mpaka kitanda. Na watu wanaongea! Nilikaa siku tatu Migosi nikawa najua habari za ploti nzima, mama wa chumba cha pili akiniita dani, yaani nyanya, na kuniuliza mbona sijapika.

Shida ya Kisumu ni mbu na maji. Ukikaa Nairobi miaka 30 damu yako imesahau malaria, usijidanganye ati ulizaliwa magharibi. Niliugua mara mbili kwa miezi minne, ya pili nikalazwa. Ukienda kukaa ukanda wote wa ziwa, Kisumu, Siaya, Busia, Kakamega, Vihiga, Bungoma, neti ni kila usiku hata kama joto ni la kukausha omena, na homa ikianza unapimwa siku hiyo hiyo, hungoji kuona kama itapita na Panadol. Ukiwa unakunywa dawa za presha au sukari mwambie daktari kabla hajakupa zingine.

Na maji ya mafuriko, epuka chini. Nyamasaria, sehemu za Nyalenda, Dunga ufuoni, na nyanda za Kano kwenda Ahero, huko ziwa na mto vikiamua kuja vinakuja, 2020 na 2024 watu walihamishwa. Panda juu kidogo, Mamboleo, Riat, au toka kabisa uende Kiboswa au Maseno ambapo hewa ni poa na kodi inashuka ukiacha mji nyuma.

Kakamega iko kama kilomita 50 kutoka Kisumu, na kwangu imekuwa katikati ya vyote. Karibu mita 1,500, si baridi ya Nakuru si joto la Kisumu, mvua ndiyo nyingi, msimu wake ukifika inakuja alasiri karibu kila siku, kwa hivyo anika nguo asubuhi na uwe umerudi saa nane. Mboga za kienyeji ni za kumwaga, mrenda, saga, kunde, na kuku ukijua pa kuuliza. Lakini usipange Lurambi karibu na chuo cha Masinde Muliro, nyumba ni nyingi lakini zimejengewa wanafunzi, bedsita bei imepanda na Ijumaa usiku muziki haulali. Tafuta Shirere au Amalemba. Malaria iko hapa pia, neti ni ile ile.

Kitale sikukaa ila nilitembea. Chakula ni cha bei ya chini kuliko kote, mahindi ni ya kwao, lakini kuna baridi na ukiugua ugonjwa mkubwa unapelekwa Eldoret, kilomita 70. Luanda, Mbale, Chavakali, Mumias, hizi senta ndogo nazo kodi ni nusu ya mji, na kama huna ugonjwa wa kufuatiliwa kila mwezi unaweza kuishi vizuri sana.

Kitu kimoja watu hawapendi kusema. Kila miaka mitano kuna uchaguzi. Mwanzo wa 2008 Nakuru na Kisumu zote ziliona moto, na mwanamke peke yake asiye wa kabila la pale ndiye anabaki anafunga mlango na kuomba. Mimi siku hizi sioni kama ni sababu ya kuogopa mji, lakini uliza majirani watarajiwa walifanya nini wakati ule, na Agosti ya uchaguzi uwe na mahali pa kwenda kutembea wiki mbili.

HATUA YA TATU: kurudi kwa boma la baba, fikiria mara mbili

Wengi mtaambiwa rudi nyumbani, mashamba ni ya baba yako. Kisheria ni kweli. Katiba ya 2010 imekataa ubaguzi wa kijinsia kwa ardhi, na Mahakama ya Rufaa mwaka wa 2005 kwenye kesi ya Rono ilisema binti, ameolewa hajaolewa, ni mrithi kama ndugu zake. Lakini sheria inakaa kortini na wewe utakaa na wifi. Kwa Waluhya na Wajaluo bado kuna wazee wanaona binti kujenga ndani ya boma ni mkosi, na hata kaburi lake wanataka liwe pembeni kwa ua. Kaka akiwa mzuri, atakuwa mzuri mpaka siku watoto wake wakue watake kugawana.

Kama unataka sehemu yako idai, usiiache, ila idai kwa karatasi wakati mko na amani, na si lazima ulale hapo. Mimi niliamua kukaa mahali ambapo nauli ya kwenda nyumbani haizidi mia mbili. Naenda matanga, naenda kanisani, jioni narudi kwangu nafunga mlango. Wifi yangu ananipenda sana siku hizi.

HATUA YA NNE: nenda ukaone, lakini nenda siku mbaya

Usiende Desemba. Desemba magharibi yote imejaa watu wa Nairobi wenye pesa, kila mtu ni mchangamfu. Nenda katikati ya Aprili au Mei, siku ya kazi, mvua ikinyesha, uone barabara ya kuingia kwa ploti inakuwa tope kiasi gani na kama boda anakubali kuingia.

Ulale hapo angalau usiku tatu kwa gesti ya karibu. Usiulize agenti chochote ambacho unaweza kumuuliza mama mboga. Nunua kwake nyanya siku mbili mfululizo, siku ya tatu atakuambia nani aliibiwa, maji hukatika siku gani, landilodi yupi ni mkali na yupi hulewa. Muulize dada wa kemia kama dawa zako hupatikana na ni bei gani. Halafu ingia kituo cha afya kilicho karibu, kaa kwenye foleni ujione, angalia wanaongea vipi na wazee.

Na fanya hii, wengi hucheka lakini fanya: ukiwa pale gesti, saa nne usiku tafuta gari au tuktuk ya kwenda hospitali kubwa. Usiende, uliza tu bei na kama atakuja. Mahali pamoja nje ya Nakuru nilipiga simu nne, wote wakasema huko usiku hatuendi. Nyumba ilikuwa nzuri, 9,000, na maua mbele. Nikaiacha.

HATUA YA TANO: panga mwaka mzima kabla ya kununua hata jiwe

Mwaka mzima maana yake mvua ndefu na mvua fupi, kiangazi, na Krismasi moja. Ungeniona nimenunua Nakuru mwezi wa pili nilivyokuwa nimeipenda, ningekuwa huko nalia na magoti.

Nyumba yenyewe iwe chini, hakuna ngazi. Choo cha kukaa, ndani, na ukuta wa bafu mahali pa kushika, kama hakuna fundi atakuwekea bomba la chuma kwa pesa kidogo, ni pesa nzuri kuliko televisheni. Mita ya stima iwe yako peke yako, ununue tokeni zako, usikubali habari ya kugawana bili na nyumba sita. Tangi liwepo. Mlango wako uonekane kutoka mlango wa mtu mwingine, hapa ndipo nyumba ya pekee ndani ya ukuta inashindwa na ploti ya nyumba sita au nane za familia. Nyumba ya chumba kimoja cha kulala naye landilodi au msimamizi anaishi hapo hapo, kwangu hiyo ndiyo bora kuliko zote. Mimi nalipa 8,500.

Andikiana, hata kama landilodi ni mtu wa kanisa. Piga picha kila ukuta, kila soketi, kila kioo, siku ya kuingia, na umtumie yeye kwa simu ndio tarehe ibaki. Nakuru nilikosa kufanya hivyo, nikitoka nikaambiwa depoziti imeenda kwa rangi na sinki lililopasuka, sinki ambalo nililikuta limepasuka. Sikuwa na picha. 12,000 ikaenda hivyo.

Usimwambie mtu unaishi peke yako wiki ya kwanza. Sio uongo, sema tu "sisi" badala ya "mimi". Kiatu kikubwa cha mwanaume mlangoni pia hakijawahi kuumiza mtu, changu nilinunua Kibuye mitumba, saizi 10, na mpaka leo kuna kijana wa maziwa anaulizia mzee.

HATUA YA SITA: marafiki hawaji wenyewe

Wiki ya kwanza nenda kwa mzee wa mtaa au wa Nyumba Kumi ujitambulishe, na ofisi ya chifu siku yoyote ya kazi. Unapeleka jina, simu, na nambari ya mtu wa kupigiwa. Haina gharama, na siku ukihitaji barua hutaanza kuulizwa wewe ni nani.

Kanisa au msikiti utapata mwenyewe. Lakini ingia kikundi cha akina mama hapo mtaani, chama kidogo, hata cha mia mbili kwa wiki, na usiingie kwa ajili ya faida. Unaingia kwa sababu kikundi kinahesabu watu. Alhamisi saa tisa wakifika 11 badala ya 12 mtu atasema, mbona kukhu, yaani nyanya, hajafika, mpigie. Ndio ile kitu nilikuwa natafuta tangu mwanzo na nilikuwa naitafuta kwa kuta na mageti. Usikope huko mwaka wa kwanza, na usiwe mdhamini wa mtu, pensheni yako wataijua haraka sana. Na usiseme hesabu ya kiinua mgongo kwa yeyote, hata mchungaji. Hasa mchungaji ambaye anajenga.

Uwe na kitu unafanya kinachokutoa nje. Mimi nafuga kuku 15 na nauza mayai pale ploti, faida ni ya chumvi, lakini kila siku watu watano wanagonga mlango wangu.

HATUA YA SABA: kama lazima ununue

Mwaka umeisha na bado unapapenda, sawa. Eneo la kutosha nyumba ndogo na bustani ya mboga, usinunue ekari ambayo huwezi kulima.

Magharibi shida kubwa ya ardhi ni taito kuwa kwa jina la babu aliyekufa zamani. Anakuuzia mjukuu, anakuonyesha mpaka, anakunywa chai na wewe, lakini kisheria hana cha kuuza mpaka mirathi ifanywe kortini. Kwa hivyo kitu cha kwanza kabisa ni sachi rasmi kwa ofisi ya ardhi ya kaunti, ufanye wewe mwenyewe au wakili wako, si muuzaji. Jina la kwa sachi liwe la mtu aliye hai na ndiye unaongea naye, na kitambulisho kifanane. Uone kama kuna mkopo wa benki au kizuizi juu yake.

Shamba la kilimo lazima mpate idhini ya Bodi ya Ardhi, muombe ndani ya miezi sita tangu mwandikiane, bila hiyo mkataba ni karatasi ya kufungia mandazi. Mke wa muuzaji akubali na atie sahihi, aje hapo bodi na watoto wakubwa waje pia. Saveya apime, uone bikoni, zile alama za mpaka, kwa macho. Tembea shamba lote ukiangalia makaburi, watu huku huzikwa nyumbani, na ukinunua penye kaburi la mama yao utakuwa na wageni maisha yako yote. Ushuru wa stempu ni asilimia 4 ya thamani mjini na 2 mashambani, weka kwa bajeti. Wakili awe wako, usishiriki wakili na muuzaji hata ukiambiwa mtaokoa pesa. Na usilipe yote kabla ya taito kutoka na jina lako, lipa kwa benki si kwa mkono.

Jina lako peke yako. Kuna mpwa mzuri atakuja kusema aandikwe pamoja na wewe ili akusaidie na makaratasi. Mwambie ahsante.

HATUA YA NANE: wosia, kaburi na ufunguo

Ukifa bila mume, bila watoto na bila wosia, sheria ya urithi inawapa wazazi wako, kama hawako ndugu zako. Kama umelea mtoto wa dada yako bila kumchukua kisheria, hayuko kwa hiyo laini. Andika. Wosia wa karatasi unataka mashahidi wawili wanaokuona ukitia sahihi na ambao hawarithi chochote. Wa mdomo unafanya kazi tu kama umekufa ndani ya miezi mitatu tangu useme, kwa hivyo ile ya kuambia watu kwa sherehe ya Krismasi haikusaidii.

Ndani yake au kwa barua kando sema utazikwa wapi. Sisi tusioolewa ndio tunagombaniwa au tunakosa wa kutugombania. Mimi nimeandika, kakangu amesoma, mwenyekiti wa chama ana nakala.

Halafu kata ufunguo wa pili. Wangu uko kwa mama wa nyumba namba 4, tulikubaliana pazia la jikoni nalifungua saa moja asubuhi, ikifika saa tatu bado limefungwa anagonga, nisipojibu anaingia. Amegonga mara mbili mpaka sasa. Mara ya kwanza nilikuwa nimelala tu. Ya pili ilikuwa malaria, na tuktuk ilifika kabla hajamaliza kunivalisha viatu.